Filamu ya A Little Chaos na bustani ya Versailles: kwa nini walimbuni Sabine?

#1 MamaKitalu

Salaam, wanajukwaa. Jana usiku nimeitazama kwa mara ya tatu filamu ya A Little Chaos, aliyoiongoza marehemu Alan Rickman, ambaye humo humo ndiye anayeigiza kama Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, na safari hii nimelala na swali ambalo naomba tulijadili.

Kwa ambao hawajaiona: mwaka ni 1682, mfalme anataka kuhamia kwenye kasri lake la Versailles, nje ya Paris, pamoja na watu wote wa baraza lake, na msanifu mkuu wa bustani zake, André Le Nôtre, anatafuta mafundi wa kumsaidia. Miongoni mwa wanaoitwa kuhojiwa yumo mjane mmoja, Sabine De Barra, anayeigizwa na Kate Winslet. Akiwa bado anasubiri nje, anaona vyungu vya mimea vilivyopangwa kwa mstari mnyoofu, anakisogeza kimoja kidogo tu, na Le Nôtre anamwona kupitia dirishani. Hatimaye anapewa kazi ya kujenga ukumbi wa dansi usio na paa, wenye ngazi za mawe ambazo maji huteremka juu yake, na katika kazi hiyo yanazaliwa mapenzi kati yao wawili.

Ukumbi huo upo hadi leo. Mfalme alikuwapo, Le Nôtre alikuwapo, lakini Sabine hakuwapo kabisa. Ni mtu wa kubuniwa. Nauliza kwa sababu nimeuza miche kando ya barabara kwa miaka 19, nimepanda bustani za watu ambazo leo zina kivuli cha kulalia, na bado mteja akifika hunisalimia kisha akaniuliza fundi yuko wapi, ilhali nimesimama mbele yake nikiwa na udongo hadi kwenye viwiko. Dai langu ni hili: wanawake wa namna ya Sabine walikuwapo katika bustani zile, ila hawakuandikwa, na mwongozaji amewarudishia nafasi yao. Je, nimekosea?

#2 MwalimuMstaafu

Mama Kitalu, ahsante kwa uzi mzuri. Nimefundisha historia kwa miaka mingi na filamu hii naipenda, lakini lazima tuanze na tarehe.

Le Nôtre alizaliwa tarehe 12 Machi 1613. Mwaka 1682 alikuwa mzee wa miaka 69, na si yule kijana mwenye nywele ndefu anayeigizwa na Matthias Schoenaerts. Huo ukumbi wa dansi, ambao Wafaransa huuita pia Kichaka cha Miamba, ulijengwa kati ya mwaka 1680 na 1683, maana yake ni kwamba wakati filamu inapoanza mafundi walikuwa wamekwisha kuushughulikia kwa muda mrefu. Na bustani yenyewe ilikuwa na miaka 20 ya kazi nyuma yake, kwani Louis XIV aliianza mwaka 1661, mara baada ya kuona bustani ya Vaux-le-Vicomte, ambayo Le Nôtre huyo huyo alikuwa amemtengenezea waziri wa fedha Nicolas Fouquet. Fouquet alimwandalia mfalme karamu tarehe 17 Agosti 1661. Tarehe 5 Septemba alikuwa amekamatwa. Mfalme hakumwachia mtu yeyote bustani nzuri kuliko yake.

Kuhusu wanawake sina ugomvi na dai lako, isipokuwa nitaligawa. Kuna mwanamke anayeng'oa magugu na kuna mwanamke anayechora ramani. Yule wa kwanza ameandikwa: katika kasri la Hampton Court huko Uingereza, hesabu za zamani za Mfalme Henry VIII zinataja wanawake waliolipwa kwa siku ili wapalilie vitalu. Huyu wa pili ndiye tunayemtafuta.

#3 ZuhuraSinema

Mwalimu, shikamoo. Ukipima filamu ya mapenzi kwa vyeti vya kuzaliwa utaiua kabla haijaanza. Rickman hakutuahidi somo la historia.

Maoni yangu ni tofauti na ya Mama Kitalu pia. Sabine amebuniwa kwa sababu ya kisanii: mtazamaji anahitaji mtu wa nje atakayemshika mkono na kumwingiza ndani ya baraza lile la mawigi na mashabiki wa mfalme. Mtu aliyezaliwa humo hashangai chochote. Sabine anashangaa, anakosea, anavua viatu vyenye tope, nasi tunashangaa naye. Kwa hiyo yeye ni mlango, na hakuna haja ya kumtafuta kwenye daftari za malipo.

Halafu nimeona jinsi walivyotumia bustani halisi za Versailles na chemchemi zake kama mandhari. Hilo peke yake linatosha kuwasamehe mengine.

#4 BintiSeine

Dada Zuhura, samahani, hapo pa mwisho nirekebishe. Filamu ile haikupigwa Versailles. Ilipigwa Uingereza, katika majumba kama Blenheim, Waddesdon na hilohilo Hampton Court alilolitaja Mwalimu. Chemchemi unazoziona si za Louis XIV.

Ninaishi karibu na Paris na Versailles nimekwenda mara nyingi. Hata wangepewa ruhusa, miti ya leo si ile ya mwaka 1682; imekatwa na kupandwa upya zaidi ya mara moja, na dhoruba ya Desemba 1999 iliangusha maelfu kwa siku moja. Katika filamu tunaona bustani ikiwa bado tope na mashimo, na tope la namna hiyo Versailles haina tena.

#5 ZuhuraSinema

Nimekubali, Binti Seine, na ahsante. Basi nawasamehe kwa ajili ya tope.

#6 FundiBomba

Wakuu, mimi ni fundi wa maji, kwa hiyo niliangalia filamu hii kwa jicho la bomba. Kuna sehemu ambapo milango ya maji inafunguliwa makusudi usiku wa mvua, na kazi yote ya Sabine inasombwa. Wenzangu walilia kwa ajili ya Sabine; mimi nililia kwa ajili ya yale maji, kwa sababu Versailles maji ndiyo yalikuwa dhahabu.

Mahali pale paliinuka na hapakuwa na mto karibu. Bustani ilikuwa na chemchemi nyingi mno kuliko maji yaliyokuwapo, hata zisiweze kurushwa zote kwa wakati mmoja. Mafundi walisimama vichakani, na mfalme alipokaribia walipeana ishara kwa filimbi: hii inafunguliwa, ile aliyoipita inafungwa. Yeye aliona maji kila alipogeuka, lakini nyuma yake palikuwa pakavu. Ndipo Le Nôtre akajenga ile mashine ya Marly kwenye mto Seine, yenye magurudumu 14 makubwa na pampu zaidi ya 220, ili kuyapandisha maji zaidi ya mita 150 kwenda juu kilimani.

#7 MwalimuMstaafu

Fundi, maelezo yako ni mazuri sana, ila mashine ya Marly si ya Le Nôtre. Aliyeijenga ni fundi seremala kutoka Liège, Rennequin Sualem, chini ya Arnold de Ville, kati ya mwaka 1681 na 1684. Na kwa chemchemi za bustani, ukoo wa Francine ndio ulioshika bomba tangu mwanzo. Nalitaja hili si kwa kukusahihisha tu. Tazama ni majina mangapi tunayapata tukiuliza maji yalipitaje: fundi wa Liège, ukoo wenye asili ya Italia, wachimbaji, wapiga filimbi. Lakini katika filamu Sabine na Le Nôtre wanabeba kila kitu mabegani mwao.

#8 FundiBomba

Nashukuru, Mwalimu. Nilijua magurudumu, sikujua seremala. Na naona fahari kwamba alikuwa fundi wa mikono kama mimi.

Niongeze moja. Hata Marly haikutosha. Mwaka 1685 walianza kuvuta maji ya mto Eure kwa mfereji mrefu na daraja kubwa la mawe kule Maintenon, wakatumia askari kwa makumi ya maelfu, wengi wao wakafa kwa homa, na vita vilipozuka mwaka 1688 kazi ikaachwa. Magofu ya daraja yapo hadi leo. Nilipokuwa kibarua kijana tulichimba mtaro wa mradi mmoja kwa miezi minne, kisha mwenye mradi akaondoka na mabomba hayakuletwa. Mtaro ule bado upo, watoto huuruka wakienda shule. Kwa hiyo daraja la Maintenon naliona bila kwenda.

#9 Mja_wa_Subira

Nimesoma kimya, sasa naandika.

Mnajadili bustani, nami naona filamu hii haihusu bustani hata kidogo. Sabine amefiwa na mume na binti yake katika ajali ya gari la farasi, na hajaweza kumwambia mtu. Kuna sehemu anapoingizwa katika chumba cha wanawake wa baraza, mbele ya Madame de Montespan, hawara wa mfalme, ambako wanaume hawamo, na wanawake wale wenye vito na poda wanaanza kutaja, mmoja baada ya mwingine, watoto waliowazika. Hawapazi sauti. Wanataja umri tu, na ugonjwa, kama watu wanaohesabu akiba.

Nilimzika mwanangu wa pili akiwa na miaka minne. Kwa muda wa mwaka mzima watu waliniletea chakula na dua, na nawashukuru, lakini hakuna aliyeniuliza mtoto alipenda nini. Aliyeniuliza wa kwanza ni mwanamke nisiyemjua, kwenye foleni ya kliniki, naye alikuwa amefiwa na wake. Kwa hiyo sehemu ile siyo ya kubuni kwangu. Nadhani Sabine aliwekwa bustanini kwa sababu bustani ndiyo kazi pekee ambayo mtu anaweza kuifukia huzuni yake chini na kitu kikaota.

#10 MamaKitalu

Mja wa Subira, pole sana, dada. Nimesimama kidogo kabla ya kuandika hapa. Ikiwa utapenda, tuambie mtoto alipenda nini.

#11 Mja_wa_Subira

Alipenda kumwagilia. Alimwagilia hata mawe.

#12 MwalimuMstaafu

Bi Subira, Mungu amlaze pema. Ujumbe wako umenikumbusha jambo ambalo pengine linabadilisha uzi wote, na nimeshangaa kwamba sikuliona mapema.

Le Nôtre wa kweli alimwoa Françoise Langlois mwaka 1640, wakaishi pamoja hadi mume alipofariki mwaka 1700. Miaka 60. Walipata watoto watatu, na wote walikufa wakiwa wadogo. Sasa tazameni filamu ilivyofanya: msiba wa watoto amepewa Sabine, ambaye hakuwahi kuishi, na Françoise, ambaye ndiye mama aliyefiwa kweli, amefanywa mke mwenye wivu na wapenzi wa pembeni, na ndiye chanzo cha milango ile ya maji kufunguliwa usiku. Mimi sikasirikii umri wa Le Nôtre tena; hilo nimemwachia Zuhura. Ninachokasirikia ni kwamba mwanamke mmoja wa kweli amenyang'anywa huzuni yake na kuvishwa ubaya, ili mwanamke wa kubuni apendeze.

Mama Kitalu ulisema mwongozaji amewarudishia wanawake nafasi. Huyu mmoja amerudishiwa nini?

#13 ZuhuraSinema

Mwalimu, hapo umenigusa, na sina jibu la haraka. Najua tu kwamba hadithi ya mapenzi yenye mwanamume aliyeoa hulazimika kumchafua mke, la sivyo mtazamaji atamchukia bibi wa pili. Tumeliona jambo hilo katika tamthilia zetu mara ngapi? Lakini kujua sababu yake hakuniondolei uchungu.

#14 Kalamu_na_Rula

Habari zenu. Ninasomea usanifu wa mandhari, nami nina maelezo mengine ambayo hayajatajwa.

Watu wengi hudhani Le Nôtre alikuwa mtu wa mistari tu, na filamu inalitumia wazo hilo: yeye ni mpangilio, Sabine ni vurugu kidogo. Lakini mkiichunguza ramani ya Versailles mtaona bustani mbili ndani ya moja. Katikati kuna mhimili mnyoofu unaotoka kwenye kasri hadi kwenye Mfereji Mkuu, wenye urefu wa kilomita moja na zaidi ya nusu, na pande zake kuna vitalu vya maua vilivyochorwa kama zulia. Hiyo ndiyo bustani ya kuonekana kutoka dirishani. Lakini kando ya mhimili, nyuma ya kuta ndefu za majani, kuna vyumba vilivyofichwa ndani ya miti, na kila chumba ni ajabu peke yake. Kimoja kilikuwa mzingile wa njia wenye chemchemi 39 za hekaya za Esopo, kingine kina chemchemi tatu zinazoshuka kwa ngazi, na kimojawapo ndicho hicho cha miamba. Huwezi kukijua chumba cha mbele ukiwa katika cha nyuma. Unapotea kidogo, na kupotea huko kumepangwa.

Kwa maana hiyo vurugu haikuletwa na mgeni yeyote. Le Nôtre alikuwa nayo mwenyewe. Kijana alijifunza katika karakana ya mchoraji Simon Vouet kabla ya kushika rula ya baba yake, ambaye alikuwa mtunza bustani ya Tuileries. Nionavyo mimi, Sabine ni nusu ya pili ya Le Nôtre mwenyewe, waandishi wameitoa ubavuni mwake na kuipa gauni. Mapenzi yao ni mtu mmoja anayejaribu kuzungumza na nafsi yake.

#15 MamaKitalu

Kalamu na Rula, umeandika vizuri, lakini umenivunja moyo bila kukusudia. Kila njia tunayoipita hapa inaishia kwa mwanamume yuleyule. Mlango wa mtazamaji, huzuni ya mke wake, sasa ubavu wake. Mimi bado namtafuta mwanamke mwenye miche.

#16 MwalimuMstaafu

Basi nikupe ufa mmoja wa mlango. Katika vyama vya mafundi vya Paris wakati ule, mjane wa fundi mkuu aliruhusiwa katika fani nyingi kuiendeleza karakana ya mumewe. Ndiyo sababu tunawakuta wajane wakichapisha vitabu na kuendesha maduka kwa jina la marehemu. Waandishi wa filamu hawakumfanya Sabine kuwa mjane kwa bahati tu. Ujane ndio uliokuwa njia ya mwanamke kushika kazi kwa mkono wake mwenyewe. Na katika karne iliyofuata, Madeleine Basseporte alikuwa mchoraji rasmi wa mimea ya bustani ya mfalme mjini Paris kwa miaka mingi. Si msanifu, lakini alilipwa na mfalme, na jina lake limebaki.

#17 MzeeWaMtoni

Salaam aleikum. Mnazunguka Ufaransa kumtafuta mwanamke wa bustani ya kifalme aliyependa pasipo ruhusa, na sisi tunaye Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, na katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886 ameeleza ua wa kasri lile: michungwa mirefu, na wanyama wakitembea huru, paa, tausi, heroe, hata mbuni. Kisha akampenda mfanyabiashara Mjerumani na mwaka 1866 akaondoka kwa meli. Huyo si wa kubuni, na ameandika kwa mkono wake.

#18 ZuhuraSinema

Wa aleikum salaam, mzee wetu. Filamu yake ikitengenezwa nitaitazama siku ya kwanza. Lakini Salme aliikumbuka bustani akiwa katika baridi ya Ujerumani, hakuisanifu. Mama Kitalu atakukataa.

#19 MamaKitalu

Simkatai mzee, namshukuru. Ila ni kweli, namtaka mwenye jembe.

#20 BintiSeine

Kwa kuwa mzee ametuleta upande wetu wa bahari, nimekumbuka jambo ambalo limeniganda moyoni tangu siku niliyoingia katika ukumbi huo wa dansi. Vyumba vya miti kwa kawaida hufungwa, hufunguliwa siku ambazo maji yanarushwa, majira ya joto. Unaingia kwa njia nyembamba kati ya kuta za majani, kisha uwanja unafunguka: upande mmoja ngazi za nyasi walipoketi watazamaji, upande wa pili ngazi za mawe yenye matundu matundu, na maji yanateremka juu yake. Zamani wanamuziki walikaa juu ya mporomoko huo, na katikati palikuwa na kisiwa cha kuchezea.

Sasa tazama ngazi zile kwa karibu. Zimepambwa kwa magamba ya kombe na viumbe vya baharini, na maelezo ya kasri yanasema yaliletwa kutoka pwani za Afrika na Madagaska. Nilisimama pale nikiwa mtoto wa Tanga, nikaona vitu nilivyookota utotoni vimegandishwa kwenye ukuta wa Louis XIV. Filamu inayaonyesha magamba hayo, lakini haisemi hata neno moja yametoka wapi.

#21 MzeeWaMtoni

Bila shaka yalitoka kwetu, Unguja. Kauri na dondo zimesafirishwa kutoka hapa tangu enzi na enzi.

#22 MwalimuMstaafu

Mzee wangu, kwa heshima yote, Unguja inanipa shida. Miaka ya 1680 Mombasa na Fort Jesus vilikuwa bado mikononi mwa Wareno, na Waomani waliitwaa ngome ile mwaka 1698. Wafaransa hawakuwa na kituo kwenye pwani yetu. Walikuwa na Fort-Dauphin, kusini mashariki mwa Madagaska, tangu mwaka 1643.

#23 Kalamu_na_Rula

Lakini Mwalimu, Fort-Dauphin waliihama mwaka 1674, na ukumbi ulianza kujengwa mwaka 1680. Ama magamba yalikaa ghalani kwa miaka kadhaa, ama yaliletwa na meli za Kampuni ya Ufaransa ya India Mashariki iliyoundwa mwaka 1664, zikitokea kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion.

#24 FundiBomba

Au yalitoka Senegali. Binti Seine amesema pwani za Afrika, hakusema pwani ipi. Afrika ina pwani pande zote.

#25 MzeeWaMtoni

Mwalimu, biashara haikungoja ngome. Jahazi la Unguja lilifika Madagaska bila kumwomba Mreno ruhusa, na gamba likishafika sokoni halisemi lilikookotwa. Mimi nabaki na neno langu.

#26 Mja_wa_Subira

Ninachofikiri ni kwamba kulikuwa na mtu aliyeinama ufukweni maji yakiwa yamekupwa, akayaokota. Kwetu anayekwenda pwani maji yakikupwa, kutafuta chaza na kombe, ni mwanamke na watoto wake.

#27 MamaKitalu

Bi Subira! Nimeisoma sentensi yako nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Basi pengine ndiye huyo. Namtafuta mwenye jembe kwenye ramani za Paris, kumbe aliyeujenga ukumbi wa dansi alishika kikapu.

#28 ZuhuraSinema

Mama Kitalu, unalia na kuniliza saa nne asubuhi nikiwa kazini. Lakini tusikimbie: hatujui kama waliookota ni wanawake. Ni dhana nzuri, ibaki dhana.

#29 Kalamu_na_Rula

Naomba kuuliza la pembeni. Jina la filamu mngelitafsiri vipi? Nimetumia vurugu kidogo, lakini vurugu ina ugomvi ndani yake, na chungu kilichosogezwa hakigombani na mtu.

#30 MzeeWaMtoni

Fujo ni ya watu, ghasia ni ya kelele, machafuko ni ya nchi. Bustani isiyo na mstari sisi husema imejiotea. Filamu ingeitwa Kujiotea.

#31 MwalimuMstaafu

Kujiotea ni neno zuri, mzee, ila Sabine aliipanda bustani yake kwa mkono, haikujiotea. Na kuhusu Le Nôtre, niongeze hili kwa Zuhura, aliyenituhumu kupenda vyeti vya kuzaliwa. Saint-Simon, mwandishi wa kumbukumbu za baraza la mfalme, ameandika kwamba mwezi mmoja kabla ya kifo cha Le Nôtre, mfalme alimtembeza katika bustani zake, na kwa sababu ya uzee wake akaagiza awekwe kwenye kiti kinachosukumwa na wapagazi, sambamba na kiti cha mfalme mwenyewe. Wazee wawili, mmoja wa miaka 87, mwingine wa 61, wanasukumwa kati ya miti waliyoipanda pamoja kwa karibu miaka 40. Rickman angekuwa hai ningemwomba aipige hiyo.

#32 ZuhuraSinema

Hiyo pia ni filamu ya mapenzi, Mwalimu. Nimekuelewa sasa.

#33 BintiSeine

Nitakwenda tena msimu wa maji ukifunguliwa, na nitapiga picha za ukuta ule kwa karibu. Mzee wa Mtoni, Mwalimu, semeni mapema mnataka nitazame nini, maana mlinzi haruhusu kusogea sana.

#34 MzeeWaMtoni

Tazama kama kuna dondo, lile gamba kubwa lenye madoadoa ambalo mafundi wa kofia walilainishia kitambaa. Ukiliona, lihesabu. Ukiona kete ndogo za bao, hizo ziache.

#35 FundiBomba

Nami nataka picha ya mahali maji yanapotokea, juu kabisa, kama inawezekana. Usipige maji, piga tundu.

#36 MamaKitalu

Na mimi, Binti Seine, nipigie ngazi za nyasi. Nataka kujua wanazikata vipi kwenye mteremko bila udongo kumomonyoka, kwa sababu kuna mteja amenipa kazi ya kilima Jumatatu, na safari hii hakuuliza fundi yuko wapi.